Chaki Isiyofutwa

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji yangu, na watoto ambao mpaka leo nawajua kwa picha tu. Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima wa afya, na kwamba lile bega lako ambalo shangazi alitupa habari zake limepona, au angalau limekupunguzia adha. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo kwa kadiri ya miaka yake themanini na mitatu. Anakula vizuri, masikio yake yanasikia kuliko yangu, na kila asubuhi hugombana na redio kana kwamba msomaji wa habari yumo ndani ya kile kisanduku. Miguu ndiyo iliyomwacha. Nyonga ile iliyoumia imezidi kukakamaa, na huu ni mwezi wa nne anatumia kiti cha magurudumu.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Katika miaka kumi na tisa nimekuandikia mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kadi yenye mstari mmoja na sahihi. Nakuomba usiichane barua hii kabla ya kuimaliza. Ukiisha kuisoma, ukataka kuichana, ichane, hutakuwa umenionea. Utaona pia kwamba imejaa maneno yaliyokatwa. Mimi niliyekuwa nikimrudishia mwanafunzi daftari lake kwa sababu ya doa moja la wino, nimeianza barua hii mara tano.

Habari yenyewe inamhusu Mama Mkwe. Sidhani kama umelisahau jina hilo. Baba aliupa msumeno wake wa meza jina hilo kwa sababu, kama alivyokuwa akiwaeleza wateja, unapiga kelele tangu asubuhi, huwezi kuujibu, na ukiudharau utakukomesha. Tangu ulipoondoka haukuwashwa hata siku moja. Ulikaa palepale katikati ya karakana, umefunikwa turubai, nasi tukawa tunauzunguka kama watu wanaopita kando ya mgonjwa.

Kilichotufanya tuufunue ni milango. Milango ya nyumba yetu ina upana wa sentimita sabini, na kiti cha Baba kina sabini na mbili. Kila anapotaka kutoka chumbani kwenda sebuleni, au sebuleni kwenda uani, ni lazima mimi nishike nyuma na jirani ashike mbele, tumwinue, tumpitishe kiubavuubavu. Baba husema anajiona kama kabati linalohamishwa na watu waliokwisha kuiuza nyumba. Nilimshauri tununue fremu zilizokwisha kutengenezwa, pana, tuzipachike, mambo yaishe. Alikataa katakata. Alisema kila fremu ya nyumba hii ilipasuliwa na Mama Mkwe, na yeye hatapita katika mlango wa dukani kama mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilipomkumbusha kwamba mashine ile haijaguswa tangu siku ile, alinijibu kwamba siku ile anaijua, anatembea nayo nyongani. Kisha akaniagiza nikamwite Fundi Nati.

Huyu humjui, alifika mtaani kwetu wewe ukiwa umekwisha kuondoka. Ana kibanda chake pale kwenye kona ya waziba pancha, na kazi yake ni mota na mashine za kila namna. Jina lake limetokana na mifuko yake, ambayo hujaa nati na bolti kiasi kwamba akitembea unamsikia kabla ya kumwona. Ni mtu mfupi, mwenye maneno mengi, na maneno hayo huyaelekeza kwa mashine zaidi ya mwenye mashine.

Turubai nililifunga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, asubuhi iliyofuata kuondoka kwako. Fundi Nati alihangaika na zile kamba mpaka akaomba kisu. Aliniuliza kama nilikuwa nafunika mashine au nafunga mwizi. Nilicheka. Leo nashangaa niliwezaje kucheka.

Tulipouwasha kwa mara ya kwanza, ndugu yangu, njiwa wote waliruka kutoka darini. Ulilia, ukagonga, ukakwaruza, ukatetema mpaka misumari iliyokuwa mezani ikaanza kutembea. Fundi Nati aliuzima upesi, akasema kwamba ile haikuwa kelele moja bali mkutano usio na mwenyekiti, kila mjumbe anasema kwa wakati wake, na kazi yetu ni kuwatoa nje mmoja mmoja hadi tujue ni nani anayesema nini. Akachomoa plagi, akaining'iniza shingoni mwake ili asije mtu akaichomeka yeye akiwa ameingiza mkono ndani. Jambo hilo lilinipendeza sana. Nilimwona kuwa mtu wa utaratibu.

Kwanza aliutoa mkanda, akaiwasha mota peke yake. Mota ikazunguka kwa utulivu, ikinguruma kama paka aliyeshiba. Basi, akasema, huyu hana kosa, aachwe. Mkanda wenyewe ulikuwa umekaa katika umbo lilelile kwa miaka kumi na tisa, umekakamaa, na kila ulipopita kwenye puli, yale magurudumu yanayoubeba, uligonga kama mtu mwenye mguu wa mti. Tukaweka mpya. Kisha ikaonekana kwamba skrubu ya puli ya chini ilikuwa imelegea na puli imehama, hivyo mkanda ulikuwa ukienda upogoupogo. Aliomba kitu kirefu kilichonyooka. Nikampa rula yangu ya darasani, ile ya mita moja. Akaiegemeza kwenye puli zote mbili, akasogeza, akakaza.

Siku ya tatu ilikuwa ya beringi. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye chuma kinachoshika mhimili wa diski ya meno, akaweka mpini sikioni, akafumba macho kama daktari. Kisha akanipa nami nisikilize. Nilisikia changarawe zikisagwa. Alizitoa beringi zote mbili, akazitupa katika ndoo, akagonga mpya mahali pake. Diski ilikuwa imeganda utomvu wa mbao; tukailoweka katika mafuta ya taa, tukaisugua kwa brashi, naye akayanoa meno yake moja baada ya jingine. Mimi nilikomba vumbi la mbao lililoshindiliwa ndani ya sanduku la mashine, ndoo tatu kamili. Baba alikaa dirishani mwa chumba chake akitoa hukumu kwa kusikia tu. Alisema puli bado, na kweli ikawa bado. Alisema beringi ya kushoto ni mbovu kuliko ya kulia, na ikawa hivyo. Fundi Nati akasema mzee huyu angeajiriwa kwa masikio tu.

Sitakuficha kwamba nilianza kujivuna. Mimi, uliyenipachika jina la Bwana Nukta kwa sababu sikuwahi kushika randa maishani mwangu ila kalamu, nilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na nilijiona fundi.

Siku ya tano kelele zote zilikuwa zimekwisha, isipokuwa moja. Ilitoka upande wa nyuma wa meza, mgongano mwembamba wa chuma kwa chuma, wa harakaharaka, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Baba alipaza sauti kutoka dirishani kwamba anaijua kelele ile. Alisema ilikuwapo zamani, tena ilikuwapo muda mrefu, halafu ikatoweka ghafla siku zilezile za ajali, naye akadhani mashine imejiponya yenyewe.

Fundi Nati aliiacha mashine ikizunguka, akawa anagusa sehemu moja moja kwa kiganja, mbali na diski. Alipoushika upau wa mwongozo, ule upau wa chuma unaolala sambamba na diski ambao ubao huegemezwa ili ukatwe sawa, kelele ikanyamaza. Alipouachia, ikarudi. Akazima, akachomoa plagi, akaivaa shingoni, akapiga magoti nyuma ya meza na tochi yake. Baada ya muda kidogo nikamsikia akicheka. Alisema kwamba kati ya mwongozo na kishikizo chake cha nyuma pana nafasi iliyolegea, ndipo panapogonga, na kwamba hapo zamani mtu aliwahi kupachika kabari ili panyamaze. Sasa kabari imekauka, imesinyaa, mende wameila, ndiyo maana kelele imerudi. Akaongeza kwamba aliyefanya kazi ile bila shaka alikuwa mtu wa mikono misafi. Ndani ya karakana ya seremala, vipande vya mbao vimejaa mpaka mlangoni, nani mwingine angekwenda kutafuta kadibodi?

Aliivuta kwa koleo, akaniwekea kiganjani.

Mdogo wangu, ilikuwa kadibodi iliyokunjwa mara nne, kingo zake zimekatwa kwa mkasi, zimenyooka. Upande mmoja ulikuwa umeliwa. Upande mwingine, kwa wino mwekundu, kwa herufi zilizolala kulia kwa mwinamo mmoja, paliandikwa: Darasa la Sita B, Mahudhurio. Ulikuwa mwandiko wangu.

Fundi Nati hakujua lolote. Alikuwa amekwisha kukata kipande kipya cha unene uleule, akikisia kwa alama iliyobaki kwenye chuma, akakiingiza ili anionyeshe ubaya wake. Akachukua rula yangu. Kutoka jino la mbele la diski mpaka kwenye mwongozo, sentimita kumi na mbili. Kutoka jino la nyuma, kumi na moja na nusu. Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba ubao ukipita hapa unaingia kwa mlango mpana na kutakiwa kutoka kwa mlango mwembamba. Ukifika katikati unabanwa, meno ya nyuma yanaukamata, yanauinua, na kumrushia aliyekuwa akiusukuma. Aliniuliza kama mashine hii iliwahi kumuumiza mtu.

Nilikifumba kiganja juu ya ile kadibodi. Baba aliuliza kutoka dirishani tumepata nini. Na mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa sababu ya uongo wa penseli, nikamjibu kwamba ni takataka tu.

Sasa niruhusu nikukumbushe siku ile, si kwa sababu umeisahau, bali kwa sababu kipande kimoja hukuwahi kukijua. Ilikuwa likizo. Nilikuwa nasahihisha mitihani katika chumba kilichopakana na karakana, na ile kelele ya kifuniko cha sufuria ilikuwa ikinitoboa kichwa. Asubuhi hiyo ulipima mwongozo wewe, ukachora alama yako ya chaki juu yake, lile duara dogo lenye mkia. Sheria ya Baba tuliijua sote tangu tukiwa wadogo: anayepima anaweka alama yake, na alama ikiwapo hakuna anayegusa, atakayegusa, hata kwa kucha, ni lazima aifute, ili anayekuja kusukuma ubao ajue kwamba kipimo kimevunjika na apime upya. Saa nne mlikwenda kunywa chai. Niliingia karakana. Niliiona chaki yako. Nikajiambia kwamba sheria ile ni ya mafundi, na kwamba mimi sisogezi kitu, nanyamazisha tu. Nikang'oa jalada la daftari la mahudhurio, nikalikunja, nikaligongomea kwa kisigino cha kiatu changu. Sikuifuta chaki. Nikarudi chumbani.

Mliporudi, wewe ulitoka kwenda uani kuleta mbao, na Baba akaiona alama yako, akauamini mwongozo, akawasha. Kelele ile haikuwapo tena. Nakumbuka nilifurahi. Nilisahihisha karatasi tatu kwa amani, na katikati ya karatasi ya nne nikasikia ule mshindo, na baada ya mshindo sauti ya Baba.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Wiki ile, Baba alipokwisha kurudishwa kutoka hospitali, tulikaa naye sebuleni, baba mdogo na shangazi wakiwapo, na mimi, kwa kuwa ni mkubwa na kwa kuwa ni mwalimu, nikapewa kazi ya kukuuliza. Ulisema maneno manne tu: nilipima mbele na nyuma. Nikakuambia kwamba hayo si maelezo. Nikakuambia kwamba yapo mambo mawili tu yanayowezekana, ama ulipima vibaya, ama hukupima ukachora alama hivihivi, na nikakutaka uchague, kama vile anavyotakiwa mtoto kuchagua kati ya jibu la kwanza na la pili. Ukayarudia maneno yako manne. Nikasema mbele ya wote kwamba chaki haisemi uongo. Ulichukua skwea yako ya kupimia na mfuko mmoja wa nguo, ukaondoka, na tangu siku hiyo habari zako tunazipata kwa shangazi.

Tulifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa, nikabomoa nyumba.

Nilimwambia Baba asubuhi iliyofuata, alipokwisha kunywa chai yake. Nilimpa ile kadibodi mkononi. Aliigeuzageuza, akaipapasa mikunjo yake kwa kidole gumba kama anavyopapasa ubao kutafuta fundo. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Nilitegemea angenifokea. Aliniuliza swali moja tu: je, nilikuwa najua?

Hapo, mdogo wangu, ndipo palipo neno lililonifanya niitupe kalamu mara tano. Nilikuwa nimekwisha kuliandaa jibu zuri, kwamba nilisahau kabisa, kwamba mtu hutenda jambo dogo kwa nia njema na likamtoka akilini. Nilifungua kinywa nilitamke, likakataa kutoka.

Jioni ya siku ile ya ajali, nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali, niliikumbuka ile kadibodi. Niliikumbuka waziwazi, mpaka kisigino cha kiatu. Ilinijia kwa muda mfupi, pengine kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili. Nikajiambia kwamba karatasi haiwezi kusukuma chuma. Kutoka chumbani kwangu mpaka kwenye ile mashine ni hatua ishirini. Ningeweza kwenda na rula yangu nikapima. Sikwenda. Nilikwenda kukuuliza maswali wewe. Na ulipoondoka, nilichukua turubai nikaifunika mashine, nikafunga mafundo yale aliyoyashangaa Fundi Nati, nikawatangazia watu wote kwamba ni kwa heshima ya Baba, asije akaiona akaumia moyo. Niliyasema hayo mara nyingi mpaka mimi mwenyewe nikayaamini. Sikusahau. Nilijisahaulisha.

Hayo ndiyo niliyomjibu Baba.

Redio ilikuwa ikisema, naye hakugombana nayo. Kisha akasema kwamba alijaliwa wana wawili, mmoja anajua kazi na hajui kusema, mwingine anajua kusema na hajui kazi, na kwamba yeye, kwa upumbavu wake, siku ya shida alikwenda kumuuliza msemaji habari za kazi. Nilipoanza kulia, aliniambia ninyamaze, hajamaliza. Akasema fungu lake analo na nisimnyang'anye. Alisukuma ubao kwa kuiamini chaki bila kupitisha jicho, jambo ambalo angelimfukuzia mtu kazi, na baada ya hapo akamwacha mwanawe atoke mlangoni kwa miguu yake bila kumwita. Akaniambia kwamba fungu langu mimi linanitosha.

Kisha akataka apelekwe karakana. Nilimwita jirani, tukamwinua, tukampitisha kiubavuubavu kwenye mlango wa chumba, na wa sebule, na wa uani. Kwenye mlango wa karakana kiti kilikwama, tukasukuma, kikakwama tena, naye akasema, kwa sauti ileile kavu unayoijua, kwamba hata kiti kimepata tabu ya kupita palipo na aibu.

Alama yako ilikuwa bado ipo. Sikukuambia hilo. Chini ya turubai, juu ya chuma chenye rangi nyeusi, lile duara dogo lenye mkia lilibaki kama ulivyolichora, limefifia kidogo upande mmoja. Nililiona tangu siku ya kwanza na nikalikwepa kwa macho. Fundi Nati naye alilizunguka kwa kitambaa chake, nadhani alidhani ni alama ya kiwanda. Baba alilitazama. Akaniuliza kama nakumbuka sheria ya nyumba hii. Nikamwambia naikumbuka. Akaniuliza ni nani aliyegusa mwongozo baada ya alama hii kuwekwa. Nikasema ni mimi. Akasema: "Basi, futa."

Nilifuta kwa kidole gumba changu, mzee wa miaka hamsini na minane, nimesimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Chaki haikutoka upesi. Miaka kumi na tisa ilikuwa imeishikiza. Ilibidi nitemee mate kidole, nisugue, nisugue tena, mpaka chuma kikabaki cheusi. Baba hakuondoa macho yake mpaka nilipomaliza.

Fundi Nati alifika baadaye na kishikizo kipya cha chuma alichokichonga mwenyewe, akakifunga pale nyuma, na ile nafasi iliyolegea ikaisha bila kabari yoyote. Mama Mkwe sasa anazunguka kwa sauti ya chini, mtu anaweza kuongea kando yake akasikika. Fundi alitaka aunyooshe mwongozo, apime, akaze, tuanze kupasua. Baba alimshika mkono. Alimwambia kwamba kila kazi iliyofanyika juu ya mashine hii ni nzuri na anaishukuru, lakini kipimo kina mwenyewe. Fundi Nati alinitazama mimi, kisha akamtazama Baba, akazirudisha spana zake mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliondoka bila kusema na mashine.

Kwa hiyo hali iko hivi. Mbao za fremu zimepangwa ukutani, ni kavu, nilizigeuza mwenyewe kila siku. Mwongozo umelegezwa, hauna alama. Kipande kipya cha chaki kipo juu ya meza. Milango bado ni ya sentimita sabini, na Baba bado anapita kwa kubebwa. Nilimwomba aniruhusu walau nimwite seremala mwingine kwa mlango wa chumba chake pekee, akakataa. Alisema alikungoja kwa kiburi miaka kumi na tisa, basi hawezi kushindwa kukungoja kwa adabu miezi michache.

Barua hii nimemsomea kabla ya kuifunga. Alinikatiza mara moja tu. Mahali nilipoandika kwamba niliigongomea ile kadibodi kwa bahati mbaya, aliniambia niyakate maneno hayo, kwa kuwa bahati haikuwamo karakana siku ile. Ndiyo maana utayaona yamekatwa.

Sikuombi msamaha kwa barua. Barua ni uwanja wangu, nami nimekwisha kukushinda kwa maneno mara moja; sitaki kukushinda tena. Ukija nitakuomba nikiwa nimesimama mbele yako, palepale sebuleni, na nimewaarifu baba mdogo na shangazi kwamba siku hiyo wanatakiwa wawepo, kwa sababu walichokisikia kutoka kinywani mwangu ni lazima kifutwe na kinywa kilekile. Yako yalikuwa maneno manne, na yote yalikuwa kweli. Yangu yalikuwa mengi. Usipokuja, nitaelewa, na nitaendelea kushika nyuma ya kiti.

Msalimie sana shemeji, na umwambie kwamba lawama zozote alizowahi kunitupia moyoni alizitupa mahali pake. Wape watoto salamu za babu yao. Mkubwa, nasikia, ameanza kupenda useremala, na babu yake ameuliza kama anashika randa kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Jirani anawasalimu. Fundi Nati, ambaye sasa anajua yote, anakusalimu bila kukujua, na anasema angependa kukutana na mtu ambaye kipimo chake kimesubiriwa hivi.

Baba naye anakusalimu. Nilimpa kalamu aandike mwenyewe, akasema vidole vyake vimezoea penseli ya seremala, niandike mimi. Nilikuwa tayari kuandika ukurasa mzima. Amenipa maneno mawili na kunikataza nisiongeze la tatu:

Njoo upime.

Ndimi kaka yako mkubwa,
Bwana Nukta